Ghala lililogeuka kiwanda: uchambuzi wa kisa cha kibali cha zimamoto kwenye uwanda wa Makonde

Usuli

Kisa hiki ni cha mradi mmoja wa korosho kwenye uwanda wa juu wa Makonde, mkoani Mtwara. Majina, kijiji na mwaka vimeondolewa, na vipimo vya jengo vimesogezwa kidogo ili lisitambulike. Mpangilio wa matukio na hoja za wakaguzi vimebaki kama vilivyokuwa.

Mwendelezaji alikuwa kikundi cha wafanyabiashara wa mjini waliotaka ghala la kukodisha wakati wa msimu wa minada, ambayo kwa kawaida hufunguliwa Oktoba. Kiwanja kilikuwa kando ya barabara ya vumbi, mbali na mji. Gari la zimamoto la karibu lilihitaji zaidi ya saa moja kufika. Maji ya bomba yalikuja kwa mgao, na kwenye uwanda huo hilo si jambo la kushangaza: maji ya ardhini yako chini sana na husukumwa kwa pampu kutoka mabondeni, ndiyo maana nyumba nyingi huchimba visima vya kuvunia mvua.

Mambo hayo mawili, umbali wa gari na uhaba wa maji, ndiyo yaliyopaswa kuongoza ramani tangu mstari wa kwanza. Ramani ya kwanza haikuwa na lolote kati yake.

Mfululizo wa matukio

Mwezi Machi maombi ya kibali cha ujenzi yaliwasilishwa halmashauri. Kwenye fomu, sehemu ya matumizi iliandikwa "ghala la mazao". Ramani ilionyesha jengo la mita 30 kwa 24, milango miwili ya chuma ya kukunja upande wa mbele, na mitungi ya kuzimia moto iliyochorwa kwenye kona nne. Nakala ilipelekwa ofisi ya zimamoto kwa maoni, kama ilivyo kawaida kwa majengo ya biashara na ya umma. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linafanya kazi hiyo chini ya sheria yake ya mwaka 2007, na maoni yake huingia kwenye jalada la kibali pamoja na ya mipango miji, mhandisi na afya.

Hoja za zimamoto zilirudi zikiwa chache: ongeza mlango wa watu nyuma ya ghala, onyesha chanzo cha maji, onyesha njia ya gari kuzunguka jengo. Mchora ramani aliongeza mlango, akachora tangi la plastiki la lita 5,000 juu ya mnara wa mita 6, na kibali kikatoka.

Mwezi Mei, msingi ukiwa umekwisha na kuta zikiwa usawa wa madirisha, wenye mradi walipata mnunuzi wa korosho karanga, yaani zilizokwisha kubanguliwa. Wakaamua kubangua hapohapo. Mkandarasi aliambiwa aongeze ukumbi wa mita 24 kwa 20 unaogusa ukuta wa mwisho wa ghala, kwa ajili ya kumenya na kupanga madaraja, na kando yake majengo madogo ya jumla ya mita za mraba 240 kwa ajili ya boila, matanuri ya kukaushia na stoo. Mchoro wa nyongeza ulichorwa kwa penseli juu ya nakala ya ramani ya zamani. Haukupelekwa popote.

Mwezi Julai askari wawili wa zimamoto walifika kwa ukaguzi wa hatua ya ujenzi. Walikuta jukwaa la zege la boila ambalo halimo kwenye ramani iliyopigwa muhuri. Waliuliza maswali mawili: humu watafanya kazi watu wangapi, na maganda yatawekwa wapi. Jibu la swali la kwanza lilikuwa watu 190, wengi wao akina mama wa kumenya. Swali la pili halikuwa na jibu. Siku hiyohiyo waliandika taarifa kwa halmashauri, na kazi ya upande wa nyongeza ikasimamishwa.

Kwa nini zuio lilikuwa sahihi

Wenye mradi waliliona zuio kama urasimu. Halikuwa hivyo, na sababu zinafaa kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa kosa la namna hii linaweza kujirudia popote penye korosho.

Ghala la korosho ghafi lina vitu vingi vya kuungua, lakini lina watu wachache: makuli, mtunza ghala, mlinzi. Moto wake huanza polepole ndani ya malundo ya magunia ya juti, na waliomo hutoka kwa miguu yao. Kiwanda cha kubangua kinabadilisha kila kitu. Kinaleta chanzo cha moto ndani ya uzio, yaani boila na matanuri yanayofanya kazi kwa saa nyingi mfululizo. Kinaleta maganda yenye mafuta, ambayo yakishika huwaka kwa nguvu na kutoa moshi mzito unaochoma macho na koo. Kinaleta pia umati wa watu walioketi kwenye meza kwa safu, migongo yao ikielekea ukutani.

Kwa ramani ile ya penseli, ukumbi wa watu 190 ulikuwa na milango miwili tu ya upana wa milimita 900. Mmoja ulitoka nje. Wa pili uliingia ghalani. Mlango wa kuingia ghalani haukuwa wa dharura hata kidogo, maana unampeleka mtu kwenye mzigo wa moto, na ghala lenye mali ya watu hufungwa kwa kufuli. Kwa hiyo watu 190 walikuwa na mlango mmoja.

Uamuzi uliofanyika na sababu zake

Kwanza, kuwasilisha upya. Mkandarasi alipendekeza marekebisho yafanyike saiti kwa makubaliano na wakaguzi, kisha ramani irekebishwe mwishoni. Mwendelezaji alikataa baada ya kuelezwa kwamba leseni ya ghala la stakabadhi (ghala ambalo mwenye korosho hupewa stakabadhi ya mzigo alioweka), bima, na ukaguzi wa boila wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, vyote vingerejea kwenye ramani iliyoidhinishwa. Jengo lisilofanana na karatasi zake lingekwama mara tatu badala ya moja. Mbunifu majengo aliyesajiliwa alipewa kazi ya kuchora upya, na matumizi yakaandikwa wazi: ghala la korosho ghafi pamoja na kiwanda cha kubangua, idadi ya watu 190, boila inayotumia maganda.

Pili, kugawa mradi katika hatua mbili. Ghala lilikuwa na kibali halali. Zimamoto walikubali likaguliwe na kupewa cheti peke yake kwa sharti kwamba ukuta wa kati, unaotenganisha ghala na ukumbi, ukamilike kwanza na usiwe na tundu lolote.

Ukuta huo ulimeza muda kuliko kitu kingine. Ulijengwa kwa tofali za saruji za inchi 6, zisizo na uwazi, na kupigwa plasta pande zote mbili, kwa lengo la kuhimili moto saa 2. Lakini fundi aliusimamisha kwenye linta, ile boriti ya zege juu ya milango na madirisha, kama ukuta wa vyumba vya nyumba ya kawaida. Juu yake papi, yaani mbao zinazobeba mabati, zilipita moja kwa moja kutoka ghalani hadi ukumbini chini ya mabati. Moto ukifika darini hauna haja ya kuvunja ukuta. Unapita juu yake. Ikabidi ukuta upandishwe hadi chini ya mabati. Upana wa mita 24 na kimo cha mita 3.6 kwenye kilele ni pembetatu ya mita za mraba 43, yaani tofali zipatazo 450 ukihesabu zinazovunjika. Papi zilikatwa pale zinapokutana na ukuta, kila upande ukashikiliwa na kipande cha chuma, na mawimbi ya bati yakajazwa saruji ili pasibaki upenyo. Kazi hii ingefanyika kabla ya paa ingekuwa ya siku chache. Baada ya paa, mabati ya sehemu ile yalilazimika kufunguliwa.

Tatu, milango ya ukumbi. Mbunifu alitumia vipimo vya mwongozo wa Uingereza ambavyo wakaguzi walivikubali: mlango wa upana wa milimita 1,050 hutosha watu 220, na hesabu hufanywa kwa kudhani mlango mmoja umezibwa na moto. Milango miwili ya milimita 1,200 iliwekwa, kwenye kuta zinazotazamana, yote ikifunguka kwa nje. Hakuna meza iliyokuwa zaidi ya mita 25 kutoka mlangoni. Nyuma ya ghala mlango wa watu ulibaki, kwa kuwa milango ya kukunja ya mbele haihesabiwi kuwa ya dharura: umeme ukikatika au reli ikipinda haifunguki.

Hapo ndipo ulipoibuka mvutano mkubwa kuliko yote. Korosho karanga ni ndogo, ghali, na hutoka kirahisi ndani ya kanga. Meneja wa uzalishaji alitaka mlango mmoja tu wa kupekulia, na wa pili ufungwe kwa kufuli, ufunguo ukae kwa msimamizi wa zamu. Mkaguzi alimjibu: "Mzee, siku ya moshi msimamizi naye atakuwa anatafuta mlango." Suluhisho lililokubaliwa lilikuwa kitasa cha kusukuma kwa mwili upande wa ndani, kisicho na mshiko upande wa nje, pamoja na kengele inayolia mlango ukifunguliwa. Upekuzi ulihamishiwa nje, kwenye kibanda kilicho mita kadhaa kutoka ukumbini. Anayetoka kwa mlango wa pili bila moto anasikika na kila mtu. Hili lilikuwa jibu zuri kwa sababu lilikiri kwamba wizi upo, badala ya kumwambia meneja asiwe na wasiwasi.

Nne, maji. Tangi la lita 5,000 lilifeli jaribio la kwanza. Askari alifungua hozi rili, yaani mpira wa kuzimia moto uliozungushwa kwenye gurudumu ukutani, na maji yakaangukia karibu na miguu yake. Mnara wa mita 6 hutoa shinikizo la takribani bar 0.6, ilhali mpira wa namna hiyo unahitaji kutoa walau lita 30 kwa dakika na kurusha maji mita 6. Kilichokosekana kilikuwa pampu. Ilifungwa, na hapa fundi umeme alielekezwa jambo ambalo hupuuzwa mara nyingi: waya wa pampu uchukuliwe kabla ya swichi kuu ya jengo, kwa laini yake. La sivyo mtu wa kwanza kuzima umeme kwa usalama anazima na maji.

Lakini hozi rili ni za dakika za mwanzo. Kwa gari linalokuja kutoka mbali, na hakuna haidranti (bomba la barabarani la kujazia magari ya zimamoto) njiani, palihitajika akiba. Mwongozo uleule unataja tangi la lita 45,000 pale ambapo bomba halitoshi, kiasi kinachotosha lita 1,500 kwa dakika kwa nusu saa. Lilichimbwa tangi la zege chini ya ardhi, mita 5 kwa 4.5, kina cha maji mita 2, na nafasi ya tope chini yake. Kina hicho kiliangaliwa kwa makusudi, maana pampu ya gari haivuti maji vizuri kutoka zaidi ya mita 7 chini yake. Chanzo kikawa paa lenyewe. Mita za mraba 1,440 zikipata mvua ya milimita 40, ukitoa sehemu ya tano inayopotea, ni lita 46,080. Kiasi hicho cha mvua mwezi Desemba kinajaza tangi.

Tatizo ni kwamba msimu unaanza Oktoba na mvua haijanyesha. Kwa mwaka wa kwanza maji yaliletwa kwa boza, na zimamoto hawakukubali kutoa cheti hadi walipochovya mti wenye alama kuona kina.

Tano, mitungi. Muuzaji mmoja alikuwa ameleta ankara ya mitungi 20, nusu yake ya gesi ya kaboni dioksidi. Kanuni ya hesabu iliyotumika ni kuzidisha eneo kwa 0.065 kupata uwezo unaohitajika kwa moto wa vitu vya kawaida. Ghala la mita za mraba 720 linahitaji 46.8, na mtungi wa maji wa lita 9 una uwezo wa 13, kwa hiyo mitungi 4. Ukumbi wa mita 480 unahitaji 31.2, kwa hiyo mitungi 3. Gesi ya kaboni iliwekwa kwenye vibao vya umeme tu, maana kwenye gunia huzima mwali na kuacha kaa. Chumba cha boila kikapata poda. Jumla haikufika 12.

Kupachika vinyunyizio vya maji darini kulijadiliwa na kuachwa. Kwa maji ya mgao na jengo la ukubwa ule, fedha zilikuwa na kazi bora zaidi kwenye ukuta na tangi. Badala yake yaliwekwa masharti ya upangaji: magunia juu ya chaga, mita 1 kutoka ukutani, njia za mita 1.5 kati ya malundo, na lundo lisivuke linta.

Matokeo

Ghala lilipata cheti wiki ya nne ya Oktoba. Mwendelezaji alikosa minada ya mwanzo na wapangaji wawili. Ukumbi ulipata cheti Januari, miezi mitatu baada ya tarehe iliyoahidiwa mnunuzi.

Zoezi la kwanza la kutoka nje lilichukua zaidi ya dakika 4. Mlango wa pili ulikutwa na mnyororo, kitasa cha kusukuma kikiwa palepale na kufuli juu yake. Zoezi la pili, mnyororo ukiwa umekatwa na njia kati ya meza zikiwa zimepakwa rangi ya njano sakafuni, lilikwisha ndani ya dakika 2 na nusu, muda ambao mbunifu alikuwa ameulenga.

Tangi la chini lilikuwa na kasoro iliyoonekana siku gari lilipoletwa kujaribu. Kiunganishi cha bomba la kuvutia hakikulingana na mpira wa gari. Fundi alikuwa amenunua kile kilichopatikana dukani. Kilibadilishwa baada ya wiki moja. Kama lisingefanyika jaribio, lita 45,000 zingekaa chini ya ardhi na moto ukiwaka juu yake.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni swali la watu wangapi. Mara idadi ya 190 ilipoandikwa kwenye ramani, milango, umbali na eneo la kukusanyikia vilijipanga vyenyewe. Ramani ya kwanza ilionyesha jengo bila kuonyesha kitakachofanyika ndani yake. Mkaguzi hawezi kukagua asichoandikiwa, ingawa haki inataka isemwe kwamba ukaguzi wa kwanza nao ungeweza kuuliza kwa nini kiwanja kikubwa namna ile kimejengwa nusu, nusu ya pili ikiachwa tupu bila maelezo.

Kugawa cheti kwa hatua kuliokoa msimu. Bila ukuta uliokamilika jambo hilo lisingewezekana, na ndiyo sababu ya kuupa ukuta kipaumbele kuliko rangi, sakafu au ofisi. Mwenye mradi kama huu akiwa na fedha za kazi moja tu kabla ya ukaguzi, aupandishe ukuta hadi batini.

Kilichoshindwa ni mawasiliano kati ya mabadiliko ya biashara na karatasi. Mnunuzi alipatikana Mei, ramani mpya ikapelekwa Agosti. Miezi hiyo mitatu ndiyo ileile iliyopotea mwishoni, Oktoba hadi Januari. Barua ya ukurasa mmoja kwa halmashauri na nakala kwa zimamoto, ikisema matumizi yanabadilika na ramani inafuata, ingeruhusu mazungumzo kuanza kabla zege la boila halijamwagwa.

Njia ya gari nayo ilipita kwa bahati. Lango lilikuwa pana kwa sababu ya malori, zaidi ya mita 3.1 zinazohitajika, lakini barabara ya nyuma ilipita juu ya kifuniko cha shimo la choo. Gari la zimamoto lenye maji linaweza kuzidi tani 12. Kifuniko kiliimarishwa baada ya dereva mwenyewe kushuka na kukikagua. Hakuna mchoro uliokuwa umekionyesha.

Maganda ndiyo hoja iliyobaki wazi. Kwenye ramani iliyoidhinishwa rundo liko mita 10 kutoka ukuta wowote, upande usio wa upepo wa kawaida, na majivu ya boila yana shimo lake yapoe kwanza. Katikati ya msimu rundo lilisogea kidogokidogo kuelekea mlango wa boila, kwa kuwa mchochea moto wa boila alichoka kubeba. Ukaguzi wa kuhuisha cheti ulilikuta mita 3 kutoka ukutani. Hoja iliyoandikwa ilitaka reli ya toroli kutoka rundo hadi boila, na ukuta wa kimo cha kiuno unaoonyesha mpaka wa maganda. Reli imeshawekwa, ukuta unasubiri msimu wa ubanguaji uishe.